Kijani Nilichokisaga Mno

Vijana wangu wa burashi, ninyi mnafungua kopo kwa bisibisi, mnakoroga mara mbili kwa kijiti, halafu mnaniambia mmeijua rangi. Sawa, sitabishana na mtu mwenye kopo. Lakini juzi mmoja wenu aliniuliza mbele za watu, huku anacheka, eti Mzee, zamani kabla ya makopo mlikuwa mnapaka nini, mate? Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu mke wangu akaniambia nikanunie mahali pengine, ndipo nikachukua kalamu.

Tulipaka udongo mweupe tunaouita pemba. Tulipaka mkaa wa kusaga na udongo mwekundu wa kichuguu. Makopo yalikuwako hata wakati wa Wabelgiji, yalikuja kwa treni na kwa lori mpaka Kasongo, lakini kila kopo lilikuwa na mwenyewe kabla halijateremshwa. Sisi mafundi weusi tulilifungua kwa adabu, tukaramba mpaka mfuniko, yaani kwa burashi. Na mara moja maishani nilipaka jiwe. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuwapa, ila sitafika huko moja kwa moja, nivumilieni.

Kwanza mumjue mtu aliyenifundisha. Alikuwa fureri, yaani bruda, wa Kibelgiji katika atelie, karakana ya misheni, mwembamba, goti lake moja halikunjiki, kwa hiyo ngazi alipanda kwa mguu mmoja na matusi ya Kiflama. Jina lake la ubatizo analijua Mungu. Sisi tulimwita Fureri Bado. Ukimwuliza, "Fureri, ukuta umekauka, nipake?" atauweka mgongo wa mkono wake kwenye ukuta kama anayempima mtoto homa, atasema, "Bado." Kesho, bado. Keshokutwa, bado. Mgongo wa mkono, sikilizeni, si kiganja. Kiganja cha fundi kimekuwa gome, hakisikii unyevu. Mgongo wa mkono haudanganyi.

Mimi nilimwona ni mzungu mwoga tu. Kwa hiyo siku alipolala na homa, na bwana mkubwa wa serikali akawa anakuja kuitazama zahanati mpya, karani akanisukuma, nami nikasukumika. Nikapaka rangi ya mafuta juu ya plasta mbichi, inang'aa kama sufuria mpya. Bwana mkubwa akafika na suti nyeupe. Ukutani kulikuwa kumeota malengelenge, makubwa, yamejaa maji. Naye alikuwa mtu wa kupenda kujua mambo. Akaweka kidole juu ya lengelenge moja akalibonyeza, likapasuka, likamtemea maji ya chokaa mpaka kwenye kiwiko. Fureri aliposikia, kitandani, hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ulifikiri ninasema bado kwa sababu nimesahau maneno mengine?"

Baada ya hapo nilikaa karibu naye kama kivuli.

Huyu Fureri alikuwa na ugonjwa wa vitabu. Wenzake jioni walivuta kiko, yeye alifunua kitabu kinene cha habari za Misri ya kale, chenye picha ndogondogo za ndege na macho na miguu, ndiyo maandishi yao. Siku moja tukiwa tunachanganya rangi ya milango, akachukua mkaa akachora ukutani unyasi mmoja mrefu, kichwani umefunguka kama mwavuli.

"Hii nini?" akaniuliza.

"Mafunjo, Fureri. Mama yangu anasuka mikeka na hayo."

Alifurahi mpaka akasahau goti. Akasema Wamisri wa kale walichora hilo funjo wakitaka kuandika kijani. Neno lenyewe hakuna ajuaye vema lilivyotamkwa, kwa kuwa wale watu waliandika konsonanti bila irabu, lakini yeye alilisoma "waji". Neno hilohilo, alisema, lilikuwa pia kitu kibichi, nyama ambayo haijauona moto, mmea unaochipuka, mtu mwenye afya na nguvu. Mtu aliyetenda mema walisema ametenda ya kijani, na aliyetenda maovu walisema ametenda mekundu. Bahari waliiita kijani kikuu. Na kulikuwa na jiwe la kijani walilosaga wakajipaka kwenye kope, wanaume kwa wanawake, nalo jina lake lilitoka kwenye neno lile lile.

Nikamwambia, "Lakini Fureri, hata sisi tunasema ndizi mbichi, nyama mbichi, kuni mbichi, kidonda kibichi. Na rangi ya majani tukitaka kuisema vizuri tunasema kijani kibichi. Hao Wamisri hawakuwazidi watu wa Kasongo kitu."

 Aliandika maneno yangu kwenye pembe ya kitabu chake. Nilitembea siku hiyo nimeinua kidevu, ninyi hamjawahi kuandikwa kwenye kitabu chochote.

Basi tukatumwa Lusangi, upande wa Kabambare. Wakristo wa huko walikuwa wamejenga kanisa dogo la matofali mabichi, paa la majani, nao waliomba kitu kimoja tu, mti mkubwa uchorwe nyuma ya altare, mti wa uzima. Tulikwenda na baiskeli mbili, mimi na Fureri, goti lake limenyooka mbele kama mkuki. Mvua ilitukuta njiani mara tatu. Mwenyeji wetu alikuwa Kalisto, mwalimu wa dini, kijana mwenye sauti kubwa na masikio ya haraka kuliko akili.

Fureri alitaka mayai ya kushikizia rangi. Kiini cha yai na maji kidogo, ukichanganya na unga wa rangi, unashika ukuta miaka na miaka. Kalisto akatangaza baada ya sala kwamba Fureri anaomba mayai mabichi, kila nyumba ilete. Asubuhi tukakuta mlangoni kikapu kimejaa, Fureri akapiga makofi. Akagonga la kwanza ukingoni mwa bakuli. Likagonga "ko". La pili, "ko". Yote yalikuwa yamechemshwa!

Mama mmoja aliyesimama pale akaona haya kwa niaba yetu. "Sasa Fureri," akasema, "mugeni iko nyoka? Tumupe yayi mubichi ameze? Kalisto alisema vile, sisi tukajua amekosa adabu, tukapika."

Tulikula mayai asubuhi, mchana na jioni, siku nne. Hakuna aliyetaka kutudhalilisha, na sisi hatukutaka kuwadhalilisha wao. Siku ya tano Fureri alimwambia Kalisto, kwa upole wa mtu aliyechoka, awaeleze kwamba mayai ni chakula cha ukuta.

Huyo mama aliyetutetea tusifanywe nyoka aliitwa Mama Feza. Mjane, macho yake yalikuwa yamefifia, watu aliwatambua kwa sauti na kwa namna wanavyokanyaga. Jioni ya siku hiyo alirudi, amefunga kitu kwenye pindo la kitenge. Akakifungua juu ya meza. Lilikuwa jiwe, ukubwa wa ngumi mbili, la kijani chenye mistari, kijani kizito cha kutisha, mimi sijaona kijani kama kile tena.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Kalonda. Huyo alikwenda Katanga kuchimba shaba, akafia huko, akazikwa huko. Wenzake waliokuwa wanarudi walimletea mama sanduku lake, ndani yake shati, kijiko na jiwe lile. Hakuna mtu wa Lusangi aliyeliona kaburi.

"Fureri," alisema, "mutoto yangu hana kaburi huku. Ile yote ilirudi ni hii. Muisage, muitie mu ile mti."

Fureri alishika jiwe kwa mikono miwili. Akaniambia taratibu kwamba hilo ndilo, ndilo jiwe lenyewe la wale watu wa kitabu. Kisha akamjibu, "Mama, tutamtia." Hakusema tutalitia. Alisema tutamtia, na Kiswahili chake hakikuwa kibaya kiasi hicho, alijua alichosema.

Sasa nafika kwenye aibu yangu.

Kesho yake Fureri aliitwa Kabambare kutazama paa la shule lililokuwa limeinama. Aliniachia jiwe na maneno machache. Livunje kwa nyundo ndani ya gunia lisirukeruke. Funga kitambaa puani, vumbi la shaba si la kuvuta. Liponde, halafu lisage juu ya jiwe bapa na maji. "Ukisikia bado lina ukali kwenye kidole, kama mchanga wa mtoni," alisema, "acha hapo. Usisage sana."

Nilimsikia. Lakini mimi nilikuwa fundi wa kusaga! Mkaa ukiusaga sana unazidi kuwa mweusi. Udongo mwekundu ukiulainisha unazidi kuiva. Pemba ndiyo usiseme. Rangi zote nilizozijua, kadiri unavyotoa jasho ndivyo zinavyokushukuru. Nikajiambia, kwa Mama Feza nitasaga kuliko nilivyowahi kumsagia mtu. Nilisaga siku tatu. Mabega yaliwaka moto. Watu walipita wakanisifu, nami nikaongeza bidii kwa ajili ya sifa, na huo ndio ukweli.

Siku ya pili niliona kijani kimepungua, nikasema ni maji. Siku ya tatu nilianika unga, ukakauka, nikatazama. Ulikuwa karibu mweupe, kama unga wa muhogo uliomwagikiwa na maji ya majani yake, yaani sombe. Lile jiwe, vijana, rangi yake inakaa kwenye ukubwa wa chembe. Likiwa kama mchanga, ni kijani kizito. Likiwa laini kama poda, rangi yote imekwenda. Na chembe ikishavunjika hakuna fundi wa kuirudisha.

Nilikaa chini. Jiwe lilikuwa moja. Mama hakuwa na mtoto mwingine, na mtoto hakuwa na kaburi lingine, nami kwa mikono yangu nilikuwa nimemfanya vumbi lisilo na rangi. Sioni haya kuwaambia nililia, na kitambaa kingali puani.

Kisha nikafanya kama afanyavyo mwenye kosa, nikatafuta njia ya kulificha. Kasongo kulikuwa na Mzee Ramazani, mpakaji rangi wa msikiti. Ndiye aliyenifundisha kushika burashi kabla sijaingia misheni, nami nilimwita mwalimu. Nilijua ana makopo ya kijani, kile kijani cha milango na madirisha ya msikiti, kizuri, kizito. Nikamwambia Kalisto nakwenda kuchukua vifaa, nikapanda baiskeli. Njia nzima nilikuwa napanga. Mama haoni vizuri. Nitamwaga ule unga mahali, nitapaka kijani cha kopo, nitamshika mkono nimwambie, "Huyu hapa." Nani atajua?

Ramazani alikuwa barazani anaosha burashi.

"Kijani ya nini?" akauliza.

"Ya mti, mwalimu. Kopo moja tu."

"Na wewe mbona uko na uso ya mutu amevunja sahani?"

Nikamweleza yote. Aliendelea kuosha burashi mpaka maji yakawa meupe, ndipo akasema, "Kijani iko. Nitakupa bule, mbili ata. Lakini kwanza umuambie yule mama kijani ni ya nani."

"Mwalimu, nikimwambia, huzuni itamwua."

"Haitamuua. Alishapata mubaya kupita huo unga wako." Akanipimia wali, akanilazimisha kula. "Na unga usimwage. Ukimwaga, mbele yangu usirudi."

Nilirudi na makopo mawili, moja kila upande wa baiskeli, na tumbo limejaa wali wa aibu.

Nilimkuta Mama Feza anatwanga sombe. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yakapotea. Nikasema, "Mama, nimeharibu jiwe. Nimelisaga mno, rangi imekwisha, na kijani nilicholeta ni cha Mzee Ramazani." Nikamwekea chungu cha unga mapajani.

Aliacha mchi. Akaingiza vidole kwenye unga, akausugua polepole kati ya kidole gumba na cha shahada. Ulikuwa laini mno, hata mimi nilikuwa sijawahi kulainisha kitu namna ile. 

"Yote iko?" akauliza.

"Yote, mama. Niliosha hata jiwe la kusagia, maji yale nikayakausha humo humo."

"Hakuna ile ilienda na upepo?"

"Hakuna, mama."

"Basi upake," akasema. "Rangi ilikuwa ya Katanga. Mutoto ni wangu." Akashika mchi akaendelea kutwanga, lakini alikuwa anatwanga pembeni ya kinu, sombe ikaruka, nami nikaiokota jani kwa jani.

Fureri aliporudi kutoka Kabambare alinivimbia siku nzima. Jioni akaanza kuniliwaza, eti wale Wamisri nao wangeuita ule unga kwa neno lile lile la funjo, kwa sababu chipukizi nalo hutoka likiwa jeupe-jeupe. Nikamwambia, Fureri, tafadhali, usinitulize na Misri. Akacheka, tukaanza kazi.

Mti tuliupaka kwa kijani cha Mzee Ramazani, majani yote makubwa ya juu, baada ya Fureri kuweka mgongo wa mkono ukutani kwa wiki tatu. Kwa hiyo ule mti wa kanisa ulivaa rangi ya msikiti, na sikusikia mtu wa upande wowote aliyelalamika. Ule unga wa jiwe nikauchanganya na kiini cha yai, safari hii bichi, nikachora jani moja. Mama Feza ndiye aliyechagua mahali. Alisimama kando ya ukuta, akanyoosha mkono bila kuukaza, akasema, "Hapa." Unga wote ukaishia pale, tabaka juu ya tabaka, mpaka chungu kikawa kitupu na burashi kavu. Lilikuwa jani jepesi, la rangi ya mgomba unaotaka kuchipua, limejitenga na mengine. Kwa jicho la fundi halikulingana na mti. Niliona kosa langu limetundikwa mbele ya watu wote, na kila Jumapili litasaliwa.

Miaka ilipita. Fureri alirudi kwao na goti lake na kitabu chake. Nilimkumbuka sana, bado namkumbuka, hasa nikimwona mmoja wenu anapaka ukuta wenye maji. Mimi nikawa mkubwa wa atelie, na Wabelgiji walikuwa hawajaondoka bado Kalisto aliponiita tena Lusangi. Askofu alikuwa anakuja, kanisa lisafishwe.

Tuliingia ndani pamoja. Mti ulikuwa mzima, kijani cha Ramazani hakijashtuka. Lakini lile jani la chini lilikuwa limekwisha. Palibaki ukingo wake tu, na katikati plasta tupu, imelainika, imekuwa nyeusi kwa mafuta ya ngozi, upana wa kiganja.

"Angalia, fundi," Kalisto akasema. "Yule mama kila siku ya sala anaweka mukono pale. Ameikula yote. Askofu ataona nini? Paka juu, itakuwa dakika tano."

Kweli ilikuwa kazi ya dakika tano. Tena, nitasema wazi, nilifurahi. Kosa langu lilikuwa limejifuta lenyewe, na nilikuwa na kopo la kijani kizuri mkononi. Nikalifungua, nikakoroga, nikatia burashi, nikaifinya ukingoni isidondoshe. Nikapiga goti moja mbele ya ukuta.

Nyuma yangu nikasikia miguu niliyoijua, ya mtu anayekanyaga kwa kupapasa. Mama Feza alikuja mpaka ukutani, amezeeka, mdogo kuliko nilivyomwacha. Alinusa mafuta ya rangi. Mkono wake ukapita juu ya bega langu, ukakuta mahali pake pale pale, ukatua.

"Fundi," akasema, "usinifunikie mutoto."

Niliiosha burashi, nikafunga kopo. Kalisto nikamwambia ukuta ule nimeumaliza siku nyingi.